Ng'ombe Asiye na Pembe: Kwa Nini Tunaomba Historia Kwenye Mafunzo ya Sanaa



Mwaka jana tulipaka rangi ukuta hapa Juba. Rangi tulipewa, brashi tukapewa, hata mchoro wenyewe tukapewa ukiwa umeshaprintiwa: watu wanasalimiana, nyuma yao ng'ombe mweupe mwenye madoa meusi. Tukamaliza kwa siku tatu. Mzee mmoja akasimama akaangalia muda mrefu, halafu akauliza, "Vijana wangu, huyu ng'ombe ni wa wapi? Mbona hana pembe?" Tulicheka, lakini ilituuma. Hapa Juba Wadinka na Wamundari wana majina ya rangi za ng'ombe hatuwezi kuyahesabu, na pembe wanazitengeneza zikunjike wanavyotaka. Sisi tulichora ng'ombe wa pakiti ya maziwa.

Sasa kuna mafunzo mapya ya uchoraji yanapangwa, na tumeulizwa kama historia ya sanaa iwekwe ndani. Nusu yetu walisema hapana. Historia haijazi tumbo, bora tujue kuandika mabango ya maduka. Hoja yao si ya kijinga. Lakini ugomvi huu ni wa zamani kuliko sisi.

Mwaka 1937 Margaret Trowell, Mwingereza, alianza kufundisha sanaa Makerere, Kampala. Kabla ya hapo aliishi Ukambani, Kenya, akaona kazi za mikono za watu wa huko. Yeye hakutaka kuwajaza wanafunzi picha za Ulaya. Alikuwa anawasimulia jambo, tuseme habari ya kijiji, nao wanachora walichokiona kichwani. Baadaye akaandika pamoja na Klaus Wachsmann kitabu kizima juu ya kazi za mikono za Uganda. Kwake akatoka Gregory Maloba, Mkenya, aliyetengeneza Mnara wa Uhuru wa Kampala mwaka 1962, na Sam Ntiro wa Kilimanjaro.

Trowell alipostaafu mwaka 1958, akaja Cecil Todd kutoka Afrika Kusini. Huyu akasema hapana, mwanafunzi ajue historia ya sanaa ya Ulaya, ajue nadharia ya rangi. Watu bado wanabishana nani alikuwa sahihi. Sisi tunaona kila mmoja alishika nusu. Ukimficha kijana mambo ya dunia eti asiharibike, umemfanya mtoto. Ukimpa ya Ulaya tu, atatuchorea ng'ombe asiye na pembe.

Ndugu zetu wa Sudan mlio Gorom, hii inayofuata ni yenu. Ibrahim El-Salahi alizaliwa Omdurman mwaka 1930. Alisoma sanaa Khartoum, halafu akaenda chuo cha Slade, London. Aliporudi mwaka 1957 akafanya maonyesho, na watu hawakushikwa na zile picha. Mkono wake ulikuwa mzuri sana, shida haikuwa hapo. Akaacha kuchora kwa muda, akazunguka nchi akitazama vitu vilivyo kwenye nyumba za watu: mapambo, maandishi ya Kiarabu. Akaanza kuweka maandishi hayo pembeni mwa picha, na watu wakaanza kusogea karibu. Yaani huyu mtu alimaliza chuo kwanza, ndiyo akaenda kutafuta somo alilokosa.

Mwaka 1975 akafungwa Khartoum miezi sita. Alichora kwa siri kwenye vipande vidogo vya karatasi, akavifukia mchangani. Miaka kumi hivi baadaye akachora picha kubwa ya wino, "The Inevitable", kwa karatasi tisa zilizounganishwa. Wazo la kuunganisha vipande alitoka nalo jela. Sisi tunaoishi na vitu vidogo vidogo, hiyo si historia ya mbali.

Pale maktaba ya Makerere kuna sanamu ya mti ya Francis Nnaggenda, "War Victim". Aliichonga miaka ya 1980 wakati Uganda inapigana. Mtu amekatika kiungo lakini bado amesimama. Ukipita Kampala ingia uione, usiende Old Taxi Park tu.

Na hapa Juba, tangu 2016 vijana wa AnaTaban wamekuwa wakichora kuta. Kazi yao pia isomwe kama historia, isipitwe tu na bodaboda.

Kwa hiyo tumeandika ombi letu hivi: siku nne kwa wiki za kazi ya mikono, na siku ya tano tukae tuangalie kazi za waliotutangulia, za hapa na za nje. Mabango ya maduka yabaki, hatujayakataa. Yule mzee wa pembe tumeshamwendea. Amekubali kuja kutufundisha kufinyanga ng'ombe kama alivyofanya akiwa mtoto, ila udongo wa dukani hataki. Jumamosi tunaenda naye mtoni kuuchimba.