Nta ya Sikonge na Mng'ao wa Motokaa

Methali zetu zimeipendelea asali. Mtu huambiwa afuate nyuki ale asali, tena huonywa kwamba chovya chovya humaliza buyu la asali. Nta inapopata kutajwa, hutajwa kwa kudharauliwa, kwamba nta si asali. Wanahistoria nao wameifuata desturi hiyo. Asomaye habari za Unyamwezi atakutana na pembe, na watumwa, na wapagazi, na tembe la Kwihara walimokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872, na vita vya Mirambo aliyefariki mwaka 1884. Habari za nta ni za kuokoteza. Nami nisingaliwaza lolote juu yake lau nisingalisimama siku moja kando ya barabara mjini Sikonge, nikamtazama kijana akiing'arisha motokaa ya mtu kwa mkono.

Aliosha kwanza lile vumbi jekundu, kwa maji mengi, maana punje moja ya mchanga ikibaki chini ya kitambaa huchora rangi. Akaikausha. Kisha akasugua boneti kwa dawa nzito yenye unga laini ndani yake, mpaka kitambaa kikageuka rangi ya motokaa yenyewe. Baada ya hapo alifungua kopo la nta, akapaka utando mwembamba kwa mizunguko midogo, akangoja uwe mweupe kama ukungu, akaufuta kwa pamba safi hata akaona meno yake mwenyewe katika chuma. Kopo lile lilitoka ng'ambo. Dukani nyuma yake, hatua kumi hivi, madonge ya nta ya nyuki yalikuwa yamepangwa sakafuni, yakimngoja mnunuzi wa kuyasafirisha.

Watu wengi hudhani kwamba kusugua na kupaka nta ni kazi moja, kumbe zapingana. Kusugua huondoa, kupaka huongeza. Motokaa za mwanzo zilipakwa vanishi kama magari ya farasi, na kukauka kwake kulichukua majuma. Mwaka 1923 kampuni ya General Motors ya Marekani ilianza kutumia rangi ya Duco ya kiwanda cha DuPont, iliyokauka kwa saa chache, na tangu hapo motokaa zikaweza kutolewa viwandani kwa wingi na kwa rangi nyingi. Lakini rangi ya namna ile haikustahimili jua. Uso wake hufa, ukawa kama chokaa, na mwenye motokaa hana budi kuiondoa ngozi ile iliyokufa, kisha kuifunika iliyo hai kwa nta. Biashara ya makopo ilistawi kwa sababu hiyo. Simoniz, iliyoanza Chicago mwaka 1910, jina lake likawa hata kitenzi vinywani mwa Wamarekani. Katika nchi zetu kazi hiyo iliwaangukia madereva na mautingo, na wengi wao waliifanya alfajiri, kabla bwana hajatoka nje.

Sasa turudi kwenye madonge. Zamani za misafara mzigo wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, na kutoka Tabora hata Bagamoyo ni safari ya miezi mitatu kwa miguu. Pembe iliweza kulipa gharama ya safari kama hiyo. Nta ilikuwa mzigo wa kutia shaka. Wadachi walipotoza kodi ya nyumba tangu mwaka 1898, kila mwenye nyumba alilazimika kutafuta fedha, na kwa mtu wa misitu ya miombo nta ilikuwa mojawapo ya vitu vichache alivyoweza kuvigeuza fedha bila kwenda kutumikia mashamba ya mbali. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, hesabu ya uchukuzi ikabadilika kabisa. Chini ya Waingereza idara ya ufugaji nyuki iliundwa mwaka 1949, na katika miaka ya 1960 wafugaji wa Tabora walikuwa na chama chao cha ushirika kilichouza asali na nta nchi za nje.

Kazi yenyewe ni ya wanaume wa kambi. Wakati wa kiangazi huingia porini kwa majuma, wakilina mizinga ya magome na ya magogo. Masega yaliyokamuliwa huchemshwa katika maji, hukamuliwa tena ndani ya gunia, machicha yakabaki. Nta huelea, ikapoa, ikaganda. Viwandani nta za nchi nyingi huyeyushwa sufuria moja, kwa hiyo hapana awezaye kulifuata donge la Sikonge mpaka kwenye kopo fulani. Ila ni wazi kwamba aliyeuza kwa uzito na aliyeuza kwa mng'ao hawakupata faida sawa.

Kwa hasira kidogo, nakiri, niliamua kulifanya jambo hilo mwenyewe. Nilinunua nta, nikaiyeyusha katika chombo kilichowekwa ndani ya maji ya moto, nikaichanganya na tapentaini mbali na jiko, nikapaka motokaa yangu kuukuu. Iling'aa hata nikajisifu. Siku ya pili, jua la adhuhuri, boneti ilinata na vumbi lote la barabara ya Ipole likaja kukaa juu yake. Kosa halikuwa la nta. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64, na huanza kulegea mapema zaidi. Ile ya mkarnauba, mnazi-pori wa kaskazini-mashariki ya Brazili, huhimili nyuzi 80 na zaidi. Basi watengenezaji huzichanganya: moja kwa ugumu, nyingine kwa ulaini wa kupakika. Nami nilipaka nene mno. Tangu miaka ya 1980, rangi za motokaa zilipoanza kufunikwa kwa tabaka angavu, makopo mengi yamejaa vitu vya maabara, na nta imepungua ndani yake.

Nilimsimulia habari hizi mzee mmoja mfugaji. Alinisikiliza huku akiendelea kusugua kipande cha nta ndani ya mzinga mpya, kwa kiganja, kwa mizunguko ileile ya yule kijana. "Hii ndiyo inayowaita nyuki, mwalimu," akasema. "Bila nta mzinga ni gogo tu." Kisha akaufunga kamba, akaniomba nimshikie ncha moja wakati akiupandisha mtini.