Kabla ya Maziwa ya Kopo: Nani Alimlisha Mtoto Mchanga wa Kale?

Mjadala wa maziwa ya kopo ukianza, hakosi mtu wa kusema: "Zamani hakukuwa na mambo haya. Mama alizaa, akanyonyesha, basi." Ni maneno matamu, lakini historia haiyaungi mkono. Miaka 2,000 iliyopita, na hata 3,000, watu walikuwa wakibishana kuhusu maziwa ya mama, wakiajiri wanawake wengine wawanyonyeshee watoto, na wakitumia chupa. Chupa za udongo, lakini ni chupa.

Swali la kwanza ni hili: tunajuaje? Mtoto mchanga haandiki, na mama wa kale ni wachache mno walioacha maandishi. Walioandika ni matabibu, wafalme na wenye mali, na karibu wote ni wanaume. Kumbe kuna shahidi mwingine: mwili wenyewe.

Mifupa inatunza kumbukumbu

Nitrojeni tunayoipata kwenye chakula iko ya aina mbili, nyepesi na nzito kidogo. Kila ukipanda ngazi moja katika mnyororo wa chakula, ile nzito inaongezeka mwilini. Simba anayo nyingi kuliko swala, na swala kuliko majani anayokula. Sasa mtoto anayenyonya yuko ngazi moja juu ya mama yake, maana chakula chake kimetengenezwa na mwili wa mama. Akianza kula uji, kiwango kinaanza kushuka. Akiachishwa ziwa kabisa, kinashuka mpaka kufanana na cha watu wazima.

Watafiti walipima hivyo mifupa ya watoto waliozikwa Kellis, mji wa enzi za Warumi katika oasisi ya Dakhla, jangwa la magharibi mwa Misri. Jibu: watoto walianza kupewa chakula kingine wakiwa na miezi 6 hivi, na waliacha ziwa kabisa walipokaribia miaka 3.

Lakini tahadhari. Hao ni watoto waliokufa, na pengine wengine walikuwa wagonjwa na hawakulishwa kama wenzao. Ndiyo maana siku hizi watafiti wanapima pia meno ya watu waliofika utu uzima. Jino hukua tabaka kwa tabaka, kwa hiyo ndani yake tunaweza kusoma alivyolishwa mtoto ambaye hakufa utotoni.

Tabibu aliyekataza dang'a

Tukirudi kwenye maandishi, tunakutana na Soranus wa Efeso, tabibu aliyefanya kazi Roma mwanzoni mwa karne ya 2 BK. Aliandika kitabu kizima kuhusu uzazi na watoto, na mengi aliyosema ni ya busara. Aliwakemea wanaomlisha mtoto nafaka akiwa na siku 40 tu. Subirini, alisema, mpaka karibu miezi 6, kisha mpeni mkate uliolainishwa na uji laini.

Ila kwenye dang'a, yaani yale maziwa mazito ya mwanzo, alikosea vibaya. Aliamini kwamba kwa siku 20 hivi baada ya kujifungua, maziwa ya mama kwa kawaida hayamfai mtoto. Alishauri mtoto aanze kwa kulambishwa asali, kisha anyonyeshwe na mwanamke mwingine. Leo tunajua dang'a ina kingamwili zinazomlinda mtoto, na asali ni hatari kwa aliye chini ya mwaka 1 kwa sababu inaweza kubeba vijidudu vinavyotoa sumu.

Hakukosa kuonywa. Soranus mwenyewe anamtaja tabibu mwingine, Damastes, aliyefundisha kwamba mama amnyonyeshe mtoto mara tu anapojifungua. Anamtaja ili ampinge! Damastes ndiye aliyekuwa sahihi, lakini kitabu cha Soranus ndicho kilichosomwa kwa karne nyingi baadaye. Na dang'a haijaacha kumwagwa. Hata kwetu bado wapo wanaoiita maziwa machafu.

Mtoto wa mnyonyeshaji yuko wapi?

Huyo "mwanamke mwingine" alikuwa nani? Mara nyingi alikuwa mtumwa, au mwanamke fukara aliyelipwa. Misri ya Warumi imetuachia mikataba ya kazi hii kwenye mafunjo. Muda wake kwa kawaida ulikuwa kama miaka 2. Mnyonyeshaji aliahidi kutolala na mwanamume, kutoshika mimba na kutonyonyesha mtoto mwingine. Watoto wengi walionyonyeshwa kwa mikataba hii walikuwa wameokotwa jalalani ili wakuzwe kuwa watumwa. Yaani maziwa yalikuwa biashara pande zote mbili.

Babeli ilikuwa kali zaidi. Sheria za Hammurabi, za mwaka 1750 KK hivi, zinasema kwamba mtoto akifia mikononi mwa mnyonyeshaji, naye akachukua mtoto mwingine bila kuwaambia wazazi, akatwe titi.

Kinachonisumbua mimi ni mtu ambaye mikataba haimtaji. Mwanamke hana maziwa kama hajazaa. Basi mtoto wake mwenyewe alikuwa wapi? Pengine alikuwa amekufa. Pengine alikuwa nyumbani, analishwa kitu kingine.

Chupa kaburini

"Kitu kingine" tumekiona. Mwaka 2019 watafiti walichapisha uchunguzi wa vyombo vitatu vidogo vya udongo vyenye mdomo wa kunyonyea, vilivyotoka kwenye makaburi ya watoto Bavaria, Ujerumani, vya kati ya 1200 na 450 KK. Udongo hufyonza mafuta na kuyashika kwa maelfu ya miaka. Mafuta yaliyopatikana yalionyesha maziwa ya wanyama wanaocheua, kama ng'ombe, mbuzi au kondoo.

Hebu fikiria kukiosha chombo kama hicho, chenye tundu jembamba, bila sabuni, na maziwa hayajachemshwa. Hatuwezi kusema chupa ndiyo iliyowaua watoto hao. Lakini aliyekitengeneza, akakipa mdomo unaoingia kwenye kinywa cha mtoto, alikuwa anahangaika mtoto huyo ale.

Ushauri wa Shirika la Afya Duniani leo ni kuanza kunyonyesha ndani ya saa 1 ya kwanza, maziwa ya mama pekee kwa miezi 6, kisha kuendelea pamoja na chakula kingine hadi miaka 2 au zaidi. Mama wa Kellis, bila maabara, hawakuwa mbali sana na hapo. Ila ratiba kama hiyo inahitaji mama aliye hai, mwenye afya, na ambaye maziwa yake hayajauzwa kwa mtu mwingine. Kwa hiyo ukimwona mama ameshika chupa, kabla hujamtajia "zamani", muulize kwanza nini kilimfikisha hapo.