Buli la Utah na kibuyu cha Kericho

Leo tuache kidogo mambo ya simu mpya na bei za vifurushi, tuzungumze juu ya buli la chai. Huku Kericho na Bomet wengi huliita birika tu, na hatulifikirii sana kwa sababu chai tunaiona kila siku, kuanzia shambani hadi kikombeni. Lakini ukisomea kompyuta chuoni na kufika somo la michoro ya vipimo vitatu, yaani 3D, utalikuta buli likikusubiri. Maktaba ya GLUT, ambayo wanafunzi wengi wa OpenGL walianzia, ina amri iitwayo glutSolidTeapot. Unaandika mstari mmoja, buli zima linatokea kwenye skrini. Nilipoliona mara ya kwanza nilidhani ni mzaha wa mhadhiri.

Si mzaha. Mwaka 1975 Martin Newell alikuwa akifanya utafiti katika Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, mahali ambapo sehemu kubwa ya mbinu za 3D tunazotumia hadi leo zilibuniwa. Alihitaji umbo la kujaribia programu zake. Tufe na mchemraba ni maumbo rahisi mno, hayakuonyeshi kama kivuli kimekaa sawa. Mkewe, Sandra, akamshauri achore vyombo vya chai walivyokuwa navyo nyumbani. Newell akachukua karatasi ya grafu na penseli, akalitazama buli lenyewe, akalichora kwa mkono. Baada ya hapo ndipo akaenda maabara kuingiza namba kwenye kompyuta.

Chunguza buli lolote jikoni kwenu uone kwa nini lilifaa. Tumbo ni la mviringo. Mkono una tundu unaloweza kuchungulia upande wa pili. Mdomo unatupa kivuli juu ya tumbo. Na kila mtu anajua buli linavyopaswa kuonekana, hivyo kosa dogo la hesabu linajitangaza lenyewe. Mikunjo aliyoitumia Newell ni ile iliyopewa jina la Pierre Bézier, mhandisi wa Renault aliyeitumia kusanifu mabodi ya magari miaka ya 1960. Paul de Casteljau wa Citroën alikuwa ameifikia hesabu hiyo mwaka 1959, ila kampuni yake iliifanya siri, jina likaenda kwa mwingine. Mambo ya maofisini hayo!

Buli la kwanza halikuwa na kitako, kiliongezwa baadaye. Jim Blinn, mwenzake Newell, alilipunguza kimo, na umbo hilo fupi ndilo lililoenea duniani. Buli halisi, ambalo limehifadhiwa katika Computer History Museum huko California, ni refu kuliko picha zake. Ukitazama filamu ya Toy Story ya mwaka 1995, kwenye karamu ya chai ya wanasesere, utaliona limekaa mezani kama mgeni wa heshima.

Ninachotaka tukishike katika hadithi hii ni ile karatasi ya grafu. Kila ninapozungumza na walimu wa sekondari za huku kuhusu kufundisha 3D, jibu la kwanza ni kwamba hawana kompyuta za kutosha. Ni kweli hawana. Lakini umbo la 3D maarufu kuliko yote lilianza kwa penseli, na hapa Afrika Mashariki somo lenyewe lilianza bila waya wowote.

Margaret Trowell alianzisha madarasa ya sanaa Makerere mwaka 1937. Alikuwa amefunzwa London na Marion Richardson, ambaye mtindo wake ulikuwa kuwasimulia wanafunzi tukio kwa maneno, kisha kila mmoja achore alichokiona kichwani. Miongoni mwa wanafunzi wa mwanzo wa Trowell alikuwamo Gregory Maloba, Mkenya wa upande wa Mumias, ambaye alivutwa zaidi na udongo na mbao kuliko rangi. Maloba akawa mwalimu wa uchongaji hapo hapo Makerere, na baadaye akaja kufundisha Chuo Kikuu cha Nairobi. Mnara wa Uhuru ulioko Kampala, wa mwaka 1962, ni kazi yake: mama aliyezungushiwa vifungo mwilini, amemwinua mtoto juu. Ukiuzunguka mnara ule utaelewa ugumu wa somo hili. Picha ya ukutani inajibu swali moja tu, inaonekanaje kutoka hapa. Sanamu inaulizwa swali hilo kutoka kila upande, na mgongoni hakuna pa kujificha. Mtu anayeweza kulishika umbo zima kichwani kabla mkono haujaanza kazi ndiye atakayeielewa Blender kwa juma moja. Wengine tunachukua miezi.

Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, mkazo wake ulikuwa kazi za mikono. Sanaa na Ufundi likawa somo la shule ya msingi na likatahiniwa kwenye KCPE. Waulize waliosoma miaka hiyo watakwambia habari za kutumwa na mwalimu kuleta udongo kutoka mtoni, kusuka mikeka, kufinyanga vyungu ambavyo vingi vilipasuka vikikauka. Kupasuka nako ni somo: ukuta mnene upande mmoja na mwembamba upande wa pili haukauki sawa. Lakini mzigo wa masomo ulikuwa mkubwa, wazazi walilalamikia gharama za vifaa na karakana, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 somo hilo likaacha kutahiniwa. Kisichotahiniwa Kenya hakifundishwi, sote tunajua. Rika langu lilikuta kipindi kimeandikwa kwenye ratiba, na ndani yake tukafanya Hesabu.

Sekondari kukawa na jambo jingine ambalo sijaona likizungumzwa. Katika orodha ya masomo ya KCSE, Sanaa na Usanifu ni namba 442, na Kompyuta ni namba 451. Yote mawili yako Kundi la Nne, pamoja na Kilimo. Mwanafunzi akishaweka lugha mbili, Hesabu, sayansi na somo moja la jamii, hubaki na nafasi moja hivi. Kwa hivyo aliyechagua kuchonga hakukutana na kompyuta, na aliyechagua kompyuta hakushika udongo. Shule nyingi za huku ziliweka Kilimo, mjadala ukaisha. Sidhani kuna mtu aliyekaa akaamua kuwatenganisha mchongaji na mwandishi wa programu. Ni jedwali tu. Lakini sisi tunaofanya kazi na hifadhidata tunajua jedwali lililopangwa vibaya linavyoweza kuutesa mfumo mzima kwa miaka, bila kuonyesha kosa hata moja kwenye skrini.

Hasara yake ni ya kweli huku kwetu. Mei 2023 waandamanaji Kericho walichoma mashine za kuchumia chai, kwa sababu mashine moja inachukua kazi ya mikono mingi. Watoto wa wachumaji wameliona hilo kwa macho. Sisemi 3D itawaajiri wote; atakayekwambia hivyo anakuuzia kozi. Nasema kwamba michoro ya nyumba, vipuri vya mashine (zikiwamo hizo hizo za chai), miguu bandia na katuni zote zinapita kwenye ujuzi huu mmoja wa kuona umbo, na mtoto asiyefundishwa kuona umbo hana pa kuanzia.

Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya waliingia Gredi ya 10. Njia ni tatu: STEM, Sayansi za Jamii, na Sanaa na Sayansi ya Michezo. Kompyuta iko STEM, Sanaa iko njia ya tatu, na shule nyingi ndogo zimepewa njia mbili za kwanza tu. Jedwali jipya, ukuta ule ule.

Mwalimu wa Kompyuta au wa Hesabu anaweza kuuruka ukuta huo bila kumwomba mtu ruhusa. Vifaa tayari viko nyumbani. Chukua sotet, kibuyu cha mursik. Umbo lake ni la kuzungushwa kama tumbo la buli la Newell: ukiijua nusu ya ubavu wake, umelijua zima. Hutaikata sotet ya nyanya yako ili upime ndani, basi tumia uzi. Weka alama kila sentimita 2 kutoka kitakoni hadi mdomoni, pima mzingo kwenye kila alama, gawanya kwa 6.28, umepata nusu kipenyo. Weka namba hizo kwenye karatasi ya grafu, nusu ya kibuyu inajitokeza. Sasa izungushe kwa kosaini na saini: kimo hakibadiliki, r mara kosaini ya pembe ni upande mmoja, r mara saini ni upande wa pili. Ukiwa na pointi 12 na ukageuza kwa nyuzi 15 kila hatua, unapata pointi 288, na hilo ni umbo la 3D kamili kwenye daftari. Kadiria ujazo kwa kujumlisha vipande, kisha jaza maji na upime kwa jagi. Maji yatakuwa pungufu. Tofauti ni unene wa ganda, na kidogo ni kwa sababu hakuna kibuyu kilicho cha mviringo kamili.

Hiyo ni njia ya kuzungusha. Njia ya kupunguza iko jirani. Kutoka Sotik ukipita Keroka unaingia Kisii, na kusini zaidi kuna Tabaka, ambako jiwe laini la Kisii huchongwa kwa panga na visu vidogo, likasuguliwa kwa msasa na maji. Kipande kikishatoka hakirudi. Hakuna Ctrl+Z. Ningependa kila mwanafunzi wa 3D achonge jiwe moja kabla ya kupewa kipanya.

Programu nayo haina bei. Ton Roosendaal wa Uholanzi alianza kuandika Blender mwaka 1994. Kampuni yake, NaN, ilipofungwa mwaka 2002, watumiaji walichanga euro 100,000 kwa wiki saba ili msimbo ukombolewe, na tarehe 13 Oktoba 2002 ukatolewa kuwa programu huria. Ndani yake kuna kirekebishi kiitwacho Screw: unaingiza ile nusu ya kibuyu, kinaizungusha. Kompyuta moja inatosha darasa zima ikiwa kila kikundi kimekuja na orodha yake ya namba.

Nimeanza kuandika programu fupi ya Python inayosoma orodha hiyo na kutoa faili la OBJ ambalo Blender inalifungua moja kwa moja. Ikikamilika nitaiweka hapa. Mwenye sotet ya zamani yenye shingo ndefu tafadhali anipimie, hizi nilizo nazo zote ni fupi.