Shule ya Lango la Ajmeri, Delhi

Nje ya Lango la Ajmeri, katika jiji la Delhi, lipo jengo la mawe mekundu lenye ua mpana, msikiti upande wa magharibi, na vyumba vya wanafunzi vilivyouzunguka ua huo. Leo ni shule ya sekondari iitwayo Anglo Arabic. Huhesabiwa miongoni mwa shule kongwe kabisa za India, wala hatuna haja ya kubishana na wanaohesabu. Sisi walimu wa lugha tunayo sababu nyingine ya kuitazama: humo ndimo lilimojaribiwa, kwa vitendo, jambo ambalo wengi hulijadili kwa maneno tu, yaani kufundisha sayansi kwa lugha ambayo mwanafunzi ameijua tangu utotoni.

Mwasisi wake ni Ghazi ud-Din Khan, jemadari wa mfalme Aurangzeb, aliyeijenga madrasa hiyo katika miaka ya 1690. Alipofariki mwaka 1710 alizikwa mumo humo, na kaburi lake lingalipo kando ya msikiti. Mwanawe ndiye aliyekuwa Nizamu wa kwanza wa Hyderabad, jambo ambalo tutalirejea.

Mwaka 1825 Kampuni ya Uingereza ya India ya Mashariki ilianzisha hapo Chuo cha Delhi, na miaka michache baadaye yakaongezwa madarasa ya Kiingereza. Mwaka 1829 waziri mmoja wa Awadh, Nawab Itimad ud-Daula, akakitolea chuo rupia laki moja na elfu sabini. (Neno laki sisi nasi tunalo, nalo lilitufikia kutoka Bara Hindi.) Basi kikawa chuo chenye mikono miwili: mmoja wa Kiingereza, na mwingine wa mashariki, wenye Kiarabu, Kiajemi na masomo mapya yaliyotoka Ulaya. Hesabu, elimu ya nyota, jiografia na sayansi za maumbile zilifundishwa kwa Kiurdu, lugha ya mitaani na majumbani mwa Delhi.

Vitabu je? Havikuwapo. Felix Boutros, Mfaransa aliyekiongoza chuo tangu mwaka 1841, alisimamia chama cha kufasiri, ambamo walimu na wanafunzi wenyewe walishika kalamu. Vilipatikana vitabu zaidi ya mia. Kanuni za kazi zilikuwa nyepesi: neno likiwapo katika Kiurdu, litumike, lisipokuwapo, kama majina ya vitu vya kemia, lichukuliwe la kigeni pasipo aibu. Wenzetu waliopata kukaa katika kamati za istilahi, wakabishana siku nzima juu ya neno moja, bila shaka watatabasamu hapa.

Huenda msomaji akadhani kwamba elimu ya namna hii ilikuwa hafifu. Ramchandra, mwalimu wa hisabati katika chuo hicho, alitunga kitabu kuhusu namna ya kupata kiasi kikubwa kabisa na kidogo kabisa kwa njia ya aljebra peke yake. Kilichapwa Calcutta mwaka 1850, na mwaka 1859 kikachapwa tena London, kwa dibaji ya mwanahisabati mashuhuri Augustus De Morgan. Nazir Ahmad naye, ambaye baba yake hakuridhia kamwe asome Kiingereza, alisoma hapo kwa Kiurdu. Baadaye akashiriki kuifasiri sheria ya jinai ya India, na mwaka 1869 akatoa kitabu ambacho wengi hukiita riwaya ya kwanza ya Kiurdu. Zakaullah, mwanafunzi wa Ramchandra, aliandika vitabu vingi vya hisabati na vya historia.

Kuhusu mshairi Ghalib yasimuliwa kisa. Aliitwa aje ahojiwe kwa kazi ya kufundisha Kiajemi, akafika kwa machela, akangoja mlangoni katibu wa serikali atoke kumlaki kama alivyozoea kulakiwa. Katibu hakutoka, kwa kuwa sasa Ghalib alikuwa mwomba kazi. Mshairi akageuza machela akarudi kwake. Tumekicheka kisa hiki, lakini chaonyesha pia jinsi heshima ya mwanachuoni ilivyokuwa ikipimwa upya katika Delhi ile.

Kisha ukaja mwezi wa Mei 1857. Askari walioasi waliingia mjini. Mkuu wa chuo, Francis Taylor, akauawa, na maktaba ikaporwa. Waingereza walipoutwaa mji tena mwezi wa Septemba, kisasi chao hakikubagua. Imam Bakhsh Sahbai, mwalimu wa Kiajemi, aliuawa. Chuo kilifunguliwa tena mwaka 1864, lakini hakikuwa kile cha zamani, na mwaka 1877 kikafungwa, walimu wakapelekwa Lahore. Kwa maoni yetu, Kiurdu hakikushindwa darasani, kilinyang'anywa darasa.

Shule katika jengo la Ghazi ud-Din iliendelea, na baadaye ikazaa chuo kipya, ambacho tangu mwaka 1975 kimechukua jina la Zakir Husain na sasa kina majengo yake mahali pengine. Lakini ile fikra ya kufasiri ilizuka mbali, huko Hyderabad, ambako mwaka 1918 Nizamu wa saba, wa ukoo wa yule jemadari, alianzisha Chuo Kikuu cha Osmania. Huko hata udaktari na uhandisi vilifundishwa kwa Kiurdu, mpaka Hyderabad ilipoingizwa katika India mwaka 1948 na Kiingereza kikashika mahali pake.

Ofisi ya tafsiri ya Osmania iliongozwa kwanza na Maulvi Abdul Haq. Ndiye aliyeandika, mwaka 1933, historia ya Chuo cha Delhi, na katika jina la kitabu akakiita chuo hicho *marhum*, neno ambalo msomaji wa Kiswahili hahitaji kufasiriwa.