Kuhamia ughaibuni kutoka Mishomoroni

Haya ni matayarisho ya kifamilia, kifedha na kisheria ambayo wakazi wa mtaa wa Mishomoroni, Kisauni, katika bara ya kaskazini ya Mombasa, huyafanya kabla ya kwenda kuishi na kufanya kazi nchi nyingine. Kwa walio wengi nchi hiyo iko Ghuba: Saudi Arabia, Falme za Kiarabu, Qatar, Oman. Mtaani husemwa tu "ameenda Saudia" au "yuko Arabuni". Wanawake huenda kufanya kazi za nyumbani. Wanaume huenda kwa udereva, ulinzi na usafi. Mkataba wa kawaida ni wa miaka miwili, na kwa sababu hiyo baadhi ya wataalamu hawaiiti safari hii kuhama. Lakini mkataba hurudiwa tena na tena. Mtu aliyekaa Riyadh miaka kumi, akija likizo mwezi mmoja na kukuta wanawe hawamjui, amehama, aitwe atakavyoitwa.

Uhusiano wa Mombasa na Uarabuni ni wa tangu enzi za majahazi ya kaskazi, na hauhitaji maelezo marefu hapa. Jambo la kukumbuka ni kwamba kuna safari mbili tofauti. Baada ya mapinduzi ya Zanzibar ya 1964, na hasa tangu Sultani Qaboos kushika utawala wa Oman mwaka 1970, familia nyingi za pwani zenye nasaba ya Oman zilipokewa Muscat kama jamaa, na wengi wao wakapewa uraia. Binti anayeondoka Mishomoroni leo huenda kwa viza ya kazi, kwa mwajiri asiyemjua, kupitia ajenti aliyeonyeshwa na jirani. Wazee wanaposema "kule ni kwa ndugu zetu" husema kweli kuhusu safari ya kwanza. Katika ya pili undugu haulipi mshahara.

Nani analipa

Swali la kwanza katika mpango wowote si nchi gani, bali ni nani anayetoa pesa za safari; majibu ya maswali mengine mengi hutegemea hilo. Hapa ndipo hali ya mtaa wenyewe inapoingia. Sehemu kubwa ya Kisauni imejengwa kwa mtindo wa Mombasa wa "nyumba bila ardhi": ukuta na bati ni vyako, kiwanja ni cha mwingine, na mara nyingi mwenyewe haishi hapo. Bila hati miliki, benki haiipokei nyumba hiyo kuwa dhamana. Familia inaweza kuwa na vyumba sita vya kupangisha na bado isipate mkopo wa nauli.

Pengo hilo huzibwa na ajenti. Kwa kazi za nyumbani Saudi Arabia, gharama za kumleta mfanyakazi ni za mwajiri, naye humlipa ajenti. Basi msichana huambiwa kwamba anaenda bure: pasipoti italipiwa, vipimo vya afya vitalipiwa, hata malazi ya Nairobi wakati wa mafunzo. Ni bure mpaka abadilishe nia. Akisema sitaki tena, hesabu hutolewa mezani, na pasipoti haionekani mpaka ilipwe. Wanaume hukutana na mambo kinyume chake: wao hutozwa mapema, na laki moja na zaidi si ajabu kwa kazi ya ulinzi Dubai au Doha. Fedha hizo hutoka kwenye zamu ya chama, dhahabu ya mama, au tuktuk iliyouzwa kwa bei ya haraka. Ilhali sheria ya kazi ya Falme za Kiarabu ya mwaka 2021 inakataza mfanyakazi kubebeshwa gharama za kuajiriwa, moja kwa moja au kwa njia ya kuzunguka.

Ushauri unaofaa kutiliwa mkazo kuliko wote ni mdogo: ada ya pasipoti ilipwe na mwenye pasipoti, hata kama ni kwa kukopa kwa shangazi. Anayeshika kitabu hicho kabla ya safari ndiye mwenye kauli.

Stakabadhi

Pasipoti ya kielektroniki, ambayo Kenya ilianza kuitoa mwaka 2017, huombwa kupitia tovuti ya serikali ya eCitizen, kisha mwombaji huenda na vyeti halisi katika ofisi ya Uhamiaji, jengo la Uhuru na Kazi. Kinachokwamisha watu wa Kisauni mara nyingi ni majina. Kitambulisho kinasema Omar, cheti cha kuzaliwa kinasema Omari, cheti cha shule kinasema Omary. Hamisi wa huku ni Khamis wa kule. Waliozaliwa nyumbani kwa mkunga huenda hawana cheti kabisa, na usajili wa kuchelewa una safari zake. Tofauti ndogo hurekebishwa kwa hati ya kiapo mbele ya wakili, kubwa huhitaji jina libadilishwe rasmi. Kazi hii ianze miezi kadhaa kabla ya kumtafuta ajenti, kwa sababu ajenti mwenye haraka hupenda "kurekebisha" mwenyewe, na pasipoti yenye umri au jina la uongo humfunga mwenye pasipoti, si ajenti.

Cheti cha tabia njema cha Idara ya Upelelezi wa Jinai (DCI) hugharimu shilingi 1,050 na alama za vidole huweza kuchukuliwa Huduma Centre, Posta. Vipimo vya afya vya nchi za Ghuba hufanywa katika vituo vilivyoidhinishwa nazo tu, na kifua kikuu, virusi vya ukimwi, homa ya ini au mimba humzuia mtu kusafiri. Wanaokwenda kazi za nyumbani hupaswa pia kupitia mafunzo yanayosimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani (NITA). Mafunzo hayo hutolewa vizuri mahali pengine, na mahali pengine ni kusubiri viza tu katika chumba chenye vitanda vya ghorofa.

Ajenti na mkataba

Septemba 2014 serikali ya Kenya ilifuta leseni za mawakala wa ajira ya nje zaidi ya 900 kutokana na malalamiko ya mateso. Baadaye usajili ulifunguliwa upya, na tangu Sheria ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira ya 2016 mawakala husajiliwa na mamlaka hiyo (NEA). Orodha yao hutangazwa. Ni wajibu wa msafiri kuangalia jina la kampuni, si la mtu anayepita mtaani na simu mbili, maana huyo kwa kawaida ni broka anayelipwa kwa kila kichwa.

Sheria ya Ajira ya 2007, vifungu 83 hadi 86, inataka mkataba wa kazi ya nje uthibitishwe na afisa wa kazi, baada ya yeye kuridhika kwamba mfanyakazi ameuelewa na amekubali kwa hiari, na inamhesabia kosa anayemshawishi mtu kuondoka bila mkataba huo. Vifungu hivi vingestahili kujulikana kuliko vinavyojulikana. Wengi huuona mkataba uwanja wa ndege, kwa Kiarabu na Kiingereza, dakika za mwisho kabla ya kuingia ndani.

Mshahara unaoandikwa zaidi mikatabani kwa kazi za nyumbani Saudi Arabia ni riyali 900. Riyali imefungwa kwa dola kwa kiwango cha 3.75 tangu 1986, hivyo hizo ni dola 240, kama shilingi 31,000 kwa kiwango cha 2025. Si haba ukilinganisha na mshahara wa yaya katika mtaa jirani wa Nyali. Lakini ni kiasi hicho tu. Anayeahidiwa 60,000 kwa kazi ile ile anadanganywa.

Baada ya kufika

Mfumo wa kafala humfunga mfanyakazi kwa mwajiri mmoja, kafili, ambaye kibali cha ukaazi, ikama, kiko mikononi mwake. Qatar ililegeza mambo mwaka 2020 kwa kuruhusu kubadilisha kazi bila ridhaa ya mwajiri. Mageuzi ya Saudi Arabia ya Machi 2021 yaliwaacha nje wafanyakazi wa nyumbani. Anayetoroka kwa kafili huitwa "kemboi" na Wakenya wenzake. Hupata kibarua kwa malipo mazuri zaidi, lakini hana ikama, na akizaa huko mtoto hukosa cheti cha kuzaliwa. Mwaka 2021 Wizara ya Mambo ya Nje iliiarifu kamati ya Bunge kwamba Wakenya 89 walikuwa wamefariki Saudi Arabia katika miaka kama miwili, wengi wakiandikiwa kwamba moyo umesimama.

Kwa hiyo nakala za pasipoti, mkataba, namba ya ajenti na anwani ya mwajiri ziachwe kwa mtu mmoja anayepokea simu usiku. Huyo si lazima awe mume. Vivyo hivyo kuhusu pesa: kinachotumwa hufika kwenye M-Pesa ya mtu fulani, na ugomvi mwingi wa wanaorudi huanzia kwenye simu hiyo. Akaunti ya akiba kwa jina la msafiri ifunguliwe kabla hajaondoka, na kiwango cha matumizi ya watoto kikubaliwe na bibi atakayewalea. Bibi huyo naye aachiwe maandishi ya ulezi, kwa kuwa shuleni na hospitalini ataulizwa yeye ni nani.

Njia nyingine

Zipo, na ni nyembamba. Makubaliano na Uingereza ya Julai 2021 yanahusu wauguzi. Yale ya Ujerumani, yaliyotiwa saini Berlin Septemba 2024, yanahitaji ufundi na Kijerumani. Kijana wa Mishomoroni mwenye cheti cha umeme ana sababu ya kuanza lugha leo badala ya kuuza tuktuk. Kazi za kompyuta zinazoahidiwa Thailand kwa nauli ya bure zimewafikisha Wakenya kwenye kambi za utapeli Myanmar, na tangu 2022 serikali imekuwa ikiwatoa huko kwa mafungu.