Akufaaye kwa Dhiki: Unguja Baada ya Tufani ya 1872

Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokuwa kikiikaribia Mafia, simu yangu haikupumzika. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitoa taarifa juu ya taarifa, boti za Dar es Salaam na Unguja zikasitisha safari, na sisi tulioko Dar tukawa tunayachungulia mawingu kana kwamba tunayajua. Kimbunga kilipungua nguvu baada ya kufika Mafia, lakini mvua yake iliendelea kufanya kazi. Barabara ya kwenda Lindi na Mtwara ikakatika Somanga. Hapo ndipo ujumbe katika makundi ya WhatsApp ulipobadilika: jana tuliambiwa tukae ndani, leo tunaambiwa tuchangie.

Namba ya simu, jina nisilolijua, picha ya nyumba ambayo maji yamefika madirishani. Picha yenyewe nilishawahi kuiona, wakati huo ikisemwa ni ya nchi nyingine. Nikatuma elfu kumi kwa namba moja, nikasita kwa nyingine, kisha nikampigia bibi yangu aliyeko Unguja kumjulia hali.

“Sisi wazima,” akasema baada ya kuitikia shikamoo yangu. Nikamweleza habari ya michango. Akanyamaza kidogo. “Kutoa, toa, mjukuu wangu. Lakini huyo anayekupa msaada, au anayekusanya, muulize na yeye anataka nini.” Akaongeza kwamba upepo wa namna hiyo si mgeni. Uliwahi kuja kabla bibi yake yeye hajazaliwa, ukailaza mikarafuu ya Unguja.

Alikuwa akisema habari za tufani ya tarehe 15 Aprili 1872. Tangu siku ile nimekuwa nikiisoma kila ninapopata nafasi, huku swali lake likinifuata. Baada ya upepo kutulia, nani alisaidia? Na alitaka nini?

*

Aprili ni mwezi wa masika. Kaskazi imekwisha, kusi inaanza, na bandari ya Unguja zama hizo hujaa majahazi yaliyokuja na upepo mmoja yakisubiri mwingine uyarudishe kwao Uarabuni na India. Vimbunga vikubwa si desturi ya visiwa hivi. Unguja iko karibu mno na ikweta, na kimbunga huhitaji msukumo wa mzunguko wa dunia ili kijisokote, msukumo ambao hudhoofu kadiri unavyoikaribia ikweta. Kwa hiyo watu walijua kusi na kaskazi, walijua tanga na nanga, lakini nyumba, mashamba na vyombo vyao havikuandaliwa kwa jambo lile.

Karibu vyombo vyote vilivyokuwa bandarini viliharibika, zikiwemo meli za Sultani, Sayyid Barghash bin Said, ambaye alikuwa madarakani kwa mwaka mmoja na nusu tu. Mashambani hali ilikuwa mbaya zaidi. Kisio linalotajwa sana ni kwamba theluthi mbili ya mikarafuu na minazi ya Unguja iling’oka au kuvunjika. Pemba iliguswa kidogo tu. Upande wa bara, majengo ya misheni ya Wakatoliki Bagamoyo, iliyoanzishwa mwaka 1868 na kuwapa makazi watu waliokombolewa utumwani, yalibomoka. Stanley, aliyekuwa akirudi pwani baada ya kuonana na Livingstone, alikuta mafuriko yameupiga mji wa Simbamwene, karibu na Morogoro ya leo. Na haya yote yalikuja wakati Unguja ilikuwa ndiyo kwanza imetoka kwenye kipindupindu cha 1869 na 1870, kilichoua maelfu.

Ili kuelewa hasara ile, inabidi uufahamu mti. Nyumba ya makuti ikianguka, majirani wakishikana huisimamisha tena kwa siku chache. Mkarafuu huchukua miaka mitano hadi minane kabla ya kuanza kuzaa, na zaidi ya hapo kufikia kuzaa vizuri. Aliyepoteza mikarafuu asubuhi ile alipoteza chakula, mahari, deni alilotegemea kulipa na heshima aliyokuwa nayo mjini, na asingeviona tena mpaka mtoto wake aliyekuwa anyonya awe ameshafika madrasa.

*

Leo, baada ya kimbunga, tunajua pa kupiga simu. Kuna mkuu wa wilaya, kamati ya maafa, Msalaba Mwekundu. Mwaka 1872 Msalaba Mwekundu ulikuwapo, umezaliwa Geneva mwaka 1863, lakini ulikuwa ukishughulikia majeruhi wa vita. Unguja palikuwa na zaka, sadaka, jirani na ndugu. Hizo ni njia za kweli, na naamini ndizo zilizowalisha wengi wiki za mwanzo. Lakini mfumo huo una kikomo chake: humsaidia mtu mmoja aliyeunguliwa na nyumba, kwa sababu majirani wote wengine bado wanazo zao. Upepo unapopiga kila nyumba kwa pamoja, jirani wa kukusaidia naye yuko juu ya paa lake.

Mwenye shamba basi alikwenda kwa mwenye fedha. Biashara na mikopo ya Unguja ilikuwa kwa kiasi kikubwa mikononi mwa wafanyabiashara wa Kihindi. Kampuni ya Jairam Shivji ilikuwa imekodishwa forodha yote ya Zanzibar, na Sultani mwenyewe alikuwa na deni kwake. Shamba liliwekwa rehani, fedha zikatolewa, miche ikapandwa. Sitaki kumfanya mkopeshaji kuwa jini. Naye alikuwa na bidhaa zilizozama na wadai wake Bombay. Lakini mkopo si msaada, hata ukija siku ya msaada. Madeni ya wenye mashamba, ambayo hayakuanza na tufani wala hayakuishia hapo, yalikuwa bado mgogoro mkubwa wa siasa Zanzibar katika miaka ya 1930.

*

Msaada wa pili ulikuja na meli ya Uingereza.

Tangu uamuzi wa mwaka 1861 uliozitenganisha Zanzibar na Oman, masultani wa Unguja walitakiwa kulipa Muscat riale 40,000 za Maria Theresa kila mwaka. Kwa hazina iliyopoteza meli na karafuu, huo ulikuwa mzigo hasa. Januari 1873, miezi tisa baada ya tufani, Sir Bartle Frere aliwasili Unguja akiwa mjumbe wa Malkia. Alikuja na mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa kwa njia ya bahari, na miongoni mwa vivutio vyake ni kuuondoa mzigo huo wa Muscat mabegani mwa Sultani.

Barghash alikataa. Moja ya hoja zake ilikuwa tufani yenyewe: nchi imelala chini, mashamba yanahitaji watu, nanyi mnataka kuukata mkono unaopanda. Frere akaondoka bila sahihi. Balozi John Kirk akabaki, na baadaye akapokea maagizo ya kumwambia Sultani kwamba asipokubali, manowari zitakizingira kisiwa. Tarehe 5 Juni 1873 mkataba ukatiwa sahihi. Soko la watumwa la Mjini likafungwa, na malipo ya Muscat yakachukuliwa na serikali ya Uingereza nchini India.

Sehemu hii ndiyo iliyonisumbua zaidi. Kwa swali la bibi, jibu ni rahisi: Uingereza ilisaidia, na ilitaka kitu. Ilimkuta mtu hana meli wala mazao, ikamwekea mkataba mezani na mizinga dirishani. Lakini kitu chenyewe ilichokitaka kilikuwa haki. Sipati moyo wa kumsikitikia mwenye shamba aliyezuiwa kununua mtu. Msaada wenye masharti unaweza kuwa na sharti jema, na bado mtu akaona kwamba aliyesaidiwa hakuwa na nafasi ya kusema hapana. Miaka 17 baadaye, mwaka 1890, Zanzibar ikawa chini ya himaya ya Uingereza. Si tufani iliyoleta himaya, lakini Sultani aliyeanza utawala wake bila meli na kwa deni alikuwa na kauli ndogo katika kila mazungumzo yaliyofuata.

*

Bado sijawataja waliofanya kazi.

Habari zilizotufikia kutoka kwa mabalozi na wafanyabiashara zimejaa meli na miti. Lakini mti ulioanguka haujiondoi. Kuna mtu aliyeshika shoka, akakata shina, akachimba shimo, akabeba maji ya kumwagilia mche. Mtu huyo kwa sehemu kubwa alikuwa mtumwa. Kwa desturi ya mashamba ya Unguja, alimfanyia bwana kazi siku tano, akabakiwa na Alhamisi na Ijumaa kulima kipande chake mwenyewe, hasa muhogo. Muhogo hukaa ardhini, upepo hauupati kirahisi kama unavyoupata mnazi. Nikifikiria watu walikula nini wiki zile, nafikiria kipande hicho cha Alhamisi na Ijumaa.

Mkataba wa 1873 ulifunga soko, haukumfungua aliyekuwa tayari shambani. Na tufani ilivuta upande wake. Kwa kuwa karafuu za Unguja zilipungua, bei ilipanda. Kwa kuwa Pemba ilisalimika, wenye mitaji waligeukia huko wakapanda kwa pupa, na hatimaye Pemba ikawa mzalishaji mkuu wa karafuu, kama ilivyo mpaka leo. Kupanda kulihitaji watu, na watu waliletwa kwa magendo, usiku, kwa vyombo vidogo kutoka Mrima. Ndiyo sababu Uingereza ikaiweka manowari London bandarini Unguja kuanzia 1874 hadi 1883, mashua zake zikikimbizana na majahazi kwenye mikondo ya Pemba. Utumwa wenyewe ulifutwa kisheria mwaka 1897, miaka 25 baada ya upepo.

Kiswahili kina neno zuri, kujitolea. Mtu anajitoa mwenyewe, kwa hiari yake, awe wa faida kwa wengine. Nimelitumia mara nyingi bila kulifikiria, kwenye barua za maombi ya kazi na kwenye fulana za kampeni. Tufani ya 1872 ilinifanya nilisikie upya. Ili ujitolee, lazima kwanza uwe wako. Waliouinua upya uchumi wa Unguja na Pemba hawakujitolea. Walitolewa. Walitoa kuliko mkopeshaji, kuliko Malkia, kuliko Sultani, na hakuna hata mmoja aliyewauliza wao walitaka nini.

*

Barghash alijenga upya. Mwaka 1878 akapata meli mpya, Glasgow, iliyoundwa Uskoti kuziba pengo la zile zilizozama. Akaleta maji safi mjini kwa mabomba kutoka chemchemi za Chemchem, kazi ambayo watu wa Mjini waliikumbuka kwa wema muda mrefu. Glasgow yenyewe ilizamishwa na mizinga ya Waingereza tarehe 27 Agosti 1896, na milingoti yake ikabaki kuonekana bandarini kwa miaka.

Upepo nao ulirudi. Tarehe 15 Aprili 1952, siku na mwezi uleule, miaka 80 kamili baadaye, kimbunga kiliipiga Lindi. Halafu Hidaya, ambaye alitupitia karibu.

Baada ya kusoma haya nilirudi kwenye makundi yangu ya WhatsApp nikiwa mtu wa kukera. Kila namba ya mchango ilipotumwa, niliuliza mambo matatu: fedha zitanunua nini, waathirika wenyewe wamesema wanahitaji nini, na hesabu italetwa lini. Mmoja aliniambia wakati wa maafa si wakati wa maswali. Wawili walikaa kimya na namba zao zikapotea. Mwalimu mmoja wa Kilwa alijibu usiku uleule kwa sauti, kuku wakisikika nyuma yake. Alisema walikuwa wamekutana uwanjani, akina mama wakasema nguo za mitumba hawazihitaji, wanataka masufuria, vyandarua na mbegu za mahindi, kwa kuwa udongo bado una maji. Karani wa kikao alikuwa mmoja wa waliofurikiwa. Siku nne baadaye zikaja picha za risiti.

Nilimtumia nilichokuwa nacho, si kingi. Kisha nikampigia bibi kumwambia nimepata mtu aliyejibu.

“Alitaka nini?” akauliza.

“Mbegu, bibi.”

“Basi huyo anakusudia kubaki,” akasema, akaniuliza kama nimekula.