Akili ya Kadi

Katika kadi zote za kamera zinazopita mezani kwangu, nyembamba kuliko zote ni SmartMedia. Unene wake ni milimita 0.76 tu, na upande mmoja una bamba la dhahabu lililo wazi, linaloguswa na kila kidole kinachoichomoa. Wanaoileta mara nyingi hawajui hata jina lake. "Shikamoo fundi, nimeikuta kwenye kamera ya marehemu baba, na kamera yenyewe haiwaki." Kazi yangu hapa Kariakoo ni kufufua picha zilizopotea kwenye kadi, simu na diski, kwa hiyo historia ya kadi hizi naijua kuanzia mwisho wake, kwa kile kinachobaki kamera ikishakufa. Ukitazama kutoka huko, swali wanaloliweka mbele wauzaji, yaani kadi ipi ina nafasi kubwa na ipi ina kasi, linakuwa la pili. La kwanza ni hili: akili ya kadi imewekwa wapi, ndani ya kadi yenyewe au ndani ya kamera?

Kabla ya kadi, wahandisi walijaribu kila walichokuwa nacho. Steven Sasson wa Kodak, mwaka 1975, alirekodi picha kwenye kaseti, na picha moja ilichukua sekunde 23 kuandikwa. Fuji ilionyesha kamera yake ya DS-1P mwaka 1988 ikiwa na kadi iliyotengenezwa kwa kushirikiana na Toshiba, lakini kadi ile ilitegemea betri: betri ikiisha, picha zimekwenda. Hata mwaka 1997 Sony ilikuwa ikiuza kamera za Mavica zilizohifadhi picha kwenye disketi ya kawaida ya kompyuta, ile ya megabaiti 1.44, na watu walizipenda kwa sababu disketi ilisomeka karibu kila mahali.

Aliyefungua njia ni Fujio Masuoka, mhandisi wa Toshiba. Mwaka 1984 alieleza mbele ya wenzake kumbukumbu ya flash, na mwaka 1987 akaja na aina yake ya NAND: chipu inayotunza data bila umeme wowote. Lakini chipu hiyo ina tabia ngumu. Huwezi kuandika juu ya kilichoandikwa mpaka ufute kipande kizima kwanza. Kila ukifuta, inachakaa kidogo. Vipande vingine vinatoka kiwandani vikiwa vimeharibika tayari. Lazima awepo wa kuhesabu, wa kukumbuka kipande kipi kibovu na kipi kimechoka, na wa kugawa kazi. Huyo ndiye kidhibiti, na hapo ndipo njia zilipoachana.

Kampuni ya SanDisk ya California, iliyoanzishwa mwaka 1988 na Eli Harari na wenzake, ilitoa CompactFlash mwaka 1994. Ilikuwa kadi nene, milimita 43 kwa 36, na ndani yake kidhibiti kilikaa pamoja na kumbukumbu. Kwa nje ilizungumza na kamera kwa lugha ileile ya diski za kompyuta, hata kamera haikuhitaji kujua ndani kuna nini. Ndiyo maana IBM, mwaka 1999, iliweza kutengeneza Microdrive, diski ya kweli inayozunguka, yenye sahani ya inchi moja na nafasi ya megabaiti 340, ikaingia kwenye tundu pana la CompactFlash na kamera ikaipokea. Toshiba ilichagua kinyume. SmartMedia yake ya mwaka 1995 ilikuwa chipu tupu iliyofunikwa kwa plastiki. Kidhibiti kilibaki ndani ya kamera. Kadi ikawa nyembamba, nyepesi na rahisi kutengeneza, na Olympus na Fujifilm wakaichukua.

Uchaguzi ule ulidai malipo yake. Kamera ndiyo iliyobeba akili, kwa hiyo ilijua tu saizi za kadi zilizokuwepo siku ilipotengenezwa. Ilipotoka kadi kubwa zaidi, kamera ya zamani iliitazama bila kuielewa. Kulikuwa na kadi za volti 5 na za volti 3.3, zilizotofautishwa kwa kona iliyokatwa. Ukiifomati kwenye kompyuta badala ya kamera, mara nyingi kamera iliikataa. Kuizuia isiandikwe ulibandika kistika cha fedha mahali palipochorwa duara. SmartMedia ilifika megabaiti 128 na haikupita hapo. CompactFlash iliendelea hadi mamia ya gigabaiti, na kamera yake ya zamani bado inapokea kadi kubwa kuliko zilizokuwepo ilipozaliwa, mpaka kikomo cha mfumo wa faili, ambacho kwa nyingi za mwanzo ni gigabaiti 2.

CompactFlash nayo ina udhaifu wake, ila uko kwenye tundu la kamera. Mle ndani kuna pini 50 nyembamba, na kadi ina vitundu 50 vya kuzipokea. Mpiga picha wa harusi akiichomeka upesi, kidogo tu upande, pini moja inalala. Kamera inaandika kwamba hakuna kadi. Nawasha tochi, nainamisha kamera mpaka nione safu mbili za pini ziking'aa, na ile iliyolala inaonekana kwa kivuli chake kwanza. Naiinua kwa ncha ya sindano, pole pole, kwa mkupuo mmoja. Ukiirudisha chini tena na kuiinua mara ya pili, shaba inachoka na pini inakatika, na hapo tundu zima linabadilishwa. Lakini picha zilizomo kwenye kadi ziko salama. Hilo ndilo linalonifanya niithamini CompactFlash.

Sony ilishika njia yake. Memory Stick ilitoka mwaka 1998, na kwa miaka mingi kamera ya Sony, kompyuta ya Vaio na hata mchezo wa PSP vilitumia kadi hiyo au mdogo wake wa Duo. Huku kwetu kamera za Cyber-shot zilizoletwa na ndugu kutoka Dubai na Muscat zilifika na kadi ya Sony mwenyewe, na ikipotea ulitafuta nyingine ya Sony kwa bei ya Sony. Kadi ilikuwa nzuri. Nimefufua picha kutoka Memory Stick zilizolala droo moja na funguo na sarafu, zikasomeka bila shida. Kilichoiponza ni kwamba kampuni nyingine za kamera hazikuwa na sababu ya kuingia nyumba ya mshindani wao. Mwaka 2010 Sony yenyewe ilianza kuweka matundu ya SD.

SD ilishinda kwa sababu haikuwa ya mtu mmoja. Mwaka 1999 Matsushita, ambao tunawajua kwa jina la Panasonic, walikubaliana na SanDisk na Toshiba, na mwaka 2000 wakaunda chama kilichofungulia wengine mlango. Toshiba, mwenye SmartMedia, alikuwa amekaa meza ya kadi itakayoizika. Kadi mpya ilitokana na MultiMediaCard ya SanDisk na Siemens ya mwaka 1997, na ilibeba akili yake ndani, kama CompactFlash, lakini katika mwili wa milimita 32 kwa 24. Ina kiswichi pembeni cha kuzuia kuandika. Wengi wanaamini kiswichi kile kinafunga kadi. Hakijaunganishwa na kitu chochote ndani ya kadi. Ni alama tu ambayo kamera inaitazama na kuamua kuiheshimu.

Olympus na Fujifilm hawakujiunga. Mwaka 2002 walitoa xD, ndogo kama ukucha wa kidole gumba, na kwa mara nyingine akili ikaachwa kwenye kamera. Makosa ya SmartMedia yalirudiwa yakiwa na jina jipya. Zikaja xD za aina ya M na za aina ya H, na si kila kamera ilizielewa zote. Olympus iliruhusu picha za panorama pale tu ulipotumia kadi yenye jina lake, jambo ambalo mpaka leo naliona ni kumdhulumu mnunuzi aliyekwisha kulipia kamera. Kadi haikupita gigabaiti 2. Kufikia mwaka 2009 Olympus PEN E-P1 ilitoka na tundu la SD.

xD ikiletwa kwangu, kazi ya kwanza ni kupata cha kuisomea, kwa sababu kadi rida nyingi za sasa hazina tundu lake. Ikishasomeka, siigusi kwa kuandika chochote. Natoa nakala ya kadi nzima, baiti kwa baiti, kisha nafanya kazi kwenye nakala. Picha iliyofutwa kwa kawaida haijaondoka. Kilichofutwa ni jina lake kwenye orodha. Kila picha ya JPEG huanza kwa baiti mbili zilezile, FF na D8, na programu kama PhotoRec hupita kwenye nakala ikizitafuta. Unaona namba zinapanda, picha kumi, mia, na mteja aliyekaa kimya anasogeza kiti. "Huyo! Huyo ndiye mama." Wakati mwingine nusu ya uso imekatwa na mstari wa kijivu, kwa sababu picha nyingine iliandikwa juu yake. Wengi wanaichukua hivyo hivyo.

Kadi yenye akili ina hatari yake pia, na sisi wa Kariakoo tunaijua kuliko wengi. Akili inaweza kufundishwa uongo. Kadi bandia iliyoandikwa gigabaiti 128 inaweza kuwa na chipu ya gigabaiti 8; kidhibiti kimeelekezwa kutaja ukubwa usiokuwepo, na kamera inaamini. Unapiga harusi nzima, majina ya faili yote yapo, ukifungua nyumbani gigabaiti nane za mwanzo ndizo zina kitu. Kilichozidi hapo hakikuandikwa mahali popote, na mimi siwezi kufufua picha ambayo haikuwahi kuwepo. Mwaka 2013, katika mkutano wa wadukuzi mjini Hamburg, Andrew Huang na Sean Cross walionyesha kwamba kidhibiti cha kadi ya SD ni kompyuta ndogo kamili, na kwamba baadhi ya vidhibiti hivyo mtu wa nje anaweza kuviandikia programu yake. SmartMedia, pamoja na ubaya wake wote, haikuwa na ulimi wa kusemea uongo huo.

Negativu ya filamu, iliyotangulia kadi zote hizi, haina akili kabisa. Capital Art Studio ya Mji Mkongwe, Zanzibar, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, ilitunza kazi yake kwenye negativu, na negativu unaiinua kwenye mwanga wa dirisha ukamwona mtu. Pia negativu haikutumika mara mbili. Kadi tuliifuta Jumapili jioni ili harusi ya Jumamosi ipate nafasi, na harusi ngapi za mwanzo wa miaka ya 2000 zimekwenda kwa njia hiyo. Hilo linaniuma kuliko kadi zilizoharibika, kwa sababu lilifanywa na mikono mizima.

Vijana wanaoanza kazi sasa wananiuliza wachague nini. Nawaambia watazame yaliyotokea kwa wakubwa wa kazi. Mwaka 2016 Nikon D5 iliuzwa kwa sura mbili, moja ya CompactFlash na nyingine ya kadi mpya zaidi, XQD, na mnunuzi aliamua dukani. XQD haikuishi muda mrefu, lakini mrithi wake, CFexpress ya aina ya B, alipewa umbo lilelile, na mwishoni mwa mwaka 2019 Nikon ilitoa programu mpya iliyowezesha tundu la XQD la Z6 na Z7 kusoma CFexpress. CFexpress inazungumza lugha ya diski za kompyuta za leo, kama CompactFlash ilivyofanya kwa diski za zamani zake, na kwa sababu hiyo naiamini. Ila zipo aina A, B na C, na hakuna inayoingia tundu la mwenzake.

Kwa hiyo wewe unayepiga picha za harusi, nunua kamera yenye matundu mawili, moja lipokee SD, na uiagize iandike kila picha kote kote. Kadi nunua kwa mtu unayeweza kumrudia, uijaze mpaka mwisho na kuisoma tena kabla ya kazi ya kwanza. Na kadi rida ya zamani yenye matundu mengi, ile unayoiona imepitwa na wakati, usiitupe, niletee.